Mtume Aliyeokota Kuni

Basi litokalo Dar es Salaam alfajiri kwenda Njombe humpitisha abiria kwenye hali ya hewa ya nchi nzima kwa siku moja. Anaanza na fukuto la Kibaha na Chalinze, anaiona milima ya Uluguru ikimsindikiza upande wa kushoto anapokaribia Morogoro, kisha anaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako barabara kuu imepita katikati ya mbuga kwa takriban kilomita 50 na basi zima huhamia madirishani kutafuta twiga na tembo. Baada ya mji wa Mikumi barabara hujikunja kwenye vilima vya Iyovi, hushuka hadi bonde la Mto Ruaha Mkuu lenye mibuyu kila upande, halafu hupanda Kitonga kwa kona zinazowanyamazisha hata waliokuwa wakizungumza tangu Dar es Salaam. Juu ya Kitonga ni kama nchi nyingine: Ilula ya nyanya, Iringa, Mafinga ya misitu ya kupandwa, Makambako. Anayeshuka Njombe jioni huwa ameshavaa sweta.

Nilikuwa nakwenda kwenye kipaimara cha binti ambaye mimi ni msimamizi wake wa ubatizo. Kwa sisi Walutheri hiyo ni siku nzito. Mtoto amekaa darasani kwa muda mrefu, amejifunza Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana na maelezo yake katika Katekisimu Ndogo aliyoitoa Martin Luther mwaka 1529, na sasa anasimama mbele ya usharika kukiri kwa kinywa chake yale ambayo sisi wasimamizi tulimkiria alipokuwa mikononi mwa mama yake. Nilisafiri Jumamosi ili Jumapili asubuhi niwe kanisani. Nilibeba Biblia mpya ya zawadi, imefungwa kwenye karatasi ya maua, na ndani ya moyo nilibeba hamu ya kumwona binti yule akiwekewa mikono.

Tulikuwa tumeshaiacha Iyovi nyuma, tunateremka kuelekea Ruaha Mbuyuni, jua likiwa limeanza kuinama, mlio mwembamba uliposikika mbele kwa dereva. Haukukatika. Dereva alitupa jicho kwenye geji, akapunguza gia, akaanza kulitafutia basi nafasi kando ya barabara. Alipolifikisha kwenye changarawe, magurudumu ya nyuma yakajifunga yenyewe. Basi likatikisika mara moja, likatulia. Utingo akashuka, akalala chali chini ya gari, akarudi na jibu fupi: upepo umeisha.

Mabasi na malori makubwa hutumia breki za upepo. Kompresa inayoendeshwa na injini hujaza hewa kwenye mitungi, na hewa hiyo ndiyo inayomwezesha dereva kuzuia tani nyingi za chuma na watu kwa mguu mmoja. Lakini kwenye magurudumu ya nyuma kuna springi zenye nguvu ambazo wakati wote zinataka kukaza breki, na hewa ndiyo inayozisukuma zisikaze. Bomba likipasuka na hewa ikivuja, springi hushinda, gari likajifunga. Dereva alisema bomba la akiba halikuwepo. Simu zikapigwa, na jibu likaja kwamba fundi na kifaa vitatoka Iringa, ng'ambo ya Kitonga, huenda alfajiri.

Kabla ya jambo lingine lolote, utingo alichukua panga, akakata matawi, akayalaza barabarani nyuma na mbele ya basi, tawi moja hapa, jingine hatua kadhaa mbele yake. Kila dereva wa njia hii anaielewa lugha hiyo: punguza mwendo, mbele kuna gari limekwama. Malori ya Tunduma na Zambia yakaanza kupita kwa adabu, moja moja, yakipiga honi fupi ya pole.

Watu walipokwisha kushuka, maelezo yakaanza.

Mama mmoja aliyekuwa akienda Mafinga aliinua mikono. "Mungu ametuona," akasema. "Huko Kitonga kuna jambo lilikuwa linatusubiri. Hapa tumezuiwa." Wengi wakaitikia amina. Kijana mmoja, mwinjilisti aliyekuwa akiwahi mkutano wa injili Makambako, aliona kinyume chake. Kwake huyu alikuwa adui anayepinga neno lisihubiriwe, na akatuongoza kwa sala ndefu ya kuvunja kazi zake. Sala ilipoisha, nikasikia nyuma yangu maelezo ya tatu, ya kunong'ona: humu ndani kuna mtu ana mambo yake. Macho yakaanza kutembea. Yakatua kwa mzee mmoja mwenye kofia ya kudariziwa, aliyeketi kimya juu ya jiwe na furushi kubwa lililofungwa kwa kanga kati ya miguu yake. Hakuna aliyemwambia neno, ila nafasi iliyomzunguka ilizidi kupanuka.

Kila mmoja katika hawa ana andiko lake. Punda wa Balaamu alisimama njiani kwa sababu malaika alikuwa mbele na upanga, na kipigo alichopata kilikuwa cha mpumbavu asiyeona. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba alitamani kuwafikia lakini Shetani alimzuia. Na melini alimokuwa Yona, dhoruba kweli ilikuwa imemfuata mtu mmoja. Biblia inakiri kwamba safari huweza kuzuiwa na Mungu, huweza kuzuiwa na adui, na huweza kuzuiwa kwa ajili ya aliyemo ndani. Tatizo ni kwamba sisi tuliosimama kwenye changarawe hatukuwa na nabii wa kutuambia ipi kati ya hizo ni yetu.

Giza lilipoanza kuingia, mzee wa furushi aliinuka. Alikwenda kando ya barabara, akaanza kuokota vijiti vikavu na vipande vya magome. Alirudi na mzigo, akauweka chini, akaenda tena. Kijana wa injili alimtazama kidogo, akavua koti lake la suti, akamfuata. Baada yao tukaenda wengine. Moto ulipowaka, mzee alifungua lile furushi. Ndani yake kulikuwa na sufuria kubwa, jipya, alilomnunulia Kariakoo binti yake aliye mamalishe Ilula. "Tumieni hili, wanangu," akasema. "Litaanza kazi leo."

Mwendo mfupi mbele yetu palikuwa na vibanda vya wanawake wanaouza vitunguu, zao ambalo Ruaha Mbuyuni inajulikana kwalo kwenye njia yote hii. Walikuwa wanafunga biashara. Walipoona moto na watoto, walirudi na ndoo za maji, unga, na vitunguu walivyokataa kuvipokelea malipo. Mmoja wao, mtu mzima kunizidi, alikaa nami kwenye mkeka. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi kisu. Tulimenya vitunguu huku akiniuliza habari za watoto wangu, kana kwamba tumekutana msibani au harusini, mahali ambapo mgeni hupewa kazi kwanza na jina lake huulizwa baadaye. Lori moja lilisimama, dereva wake akampa mama mjamzito na mumewe nafasi mbele, wakapelekwa hadi Iringa. Watoto walikunywa uji kwanza, kisha wazee, kisha sisi.

Tuliposhiba, watu wakamwomba kijana neno. Maandishi ya Biblia yake yalikuwa madogo mno kwa mwanga wa tochi ya simu, nami nikafungua zile karatasi za maua na kumpa ile ya zawadi, yenye maandishi makubwa. Alifungua Matendo ya Mitume, sura ya 27, akasoma hadi katikati ya sura ya 28. Nimeisikia habari ile tangu shule ya Jumapili. Usiku ule, moshi ukiwa bado kwenye nguo zangu, ilinifika kwa namna nyingine.

Luka anasimulia kama mtu aliyekuwemo, kwa sababu anasema "sisi" tangu mwanzo. Paulo ni mfungwa anayepelekwa Rumi chini ya akida aitwaye Yulio. Meli yao ya Aleksandria imebeba ngano na watu 276. Paulo anaonya mapema kwamba msimu umepita na safari itakuwa ya hasara, lakini nahodha na mwenye meli wanasikilizwa zaidi. Dhoruba inawachukua siku 14. Shehena inatupwa, vyombo vya meli vinatupwa, jua na nyota havionekani. Katikati ya hayo malaika anasimama karibu na Paulo usiku na kumhakikishia kwamba atafika mbele ya Kaisari, na kwamba wote walio pamoja naye wamepewa maisha yao. Kulipokaribia kupambazuka Paulo anawasihi wale, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya watu wote, anaumega na kuanza kula, nao wote wanapata moyo. Kisha meli inakwama na kuvunjika, na watu wanafika ufuoni, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Kisiwa ni Malta, ambacho Biblia yetu ya Kiswahili inakiita Melita. Mvua inanyesha na kuna baridi. Wenyeji wanawawashia moto na kuwapokea wote, na Luka anausifu wema wao kuwa si wa kawaida. Kisha, kwa sentensi ambayo wahubiri huiruka wakikimbilia nyoka, anatuambia Paulo alikuwa anafanya nini wakati huo. Alikuwa amekusanya mzigo wa kuni na anauweka motoni.

Mtu huyu ndiye aliyeona malaika katikati ya dhoruba, ndiye aliyeandika waraka kwa Warumi. Katika watu wote 276 waliolowa maji, yeye peke yake ndiye angeweza kusimama akatoa maelezo ya kiroho ya ajali ile, na kila mtu angemsikiliza, kwa kuwa aliyoyasema juu ya kuokoka kwao yametimia. Luka hatuandikii mahubiri yoyote ufuoni pale. Anaandika kuni.

Maelezo yanatolewa na wengine, na yanakosea mara mbili. Nyoka anapomshika Paulo mkononi, wenyeji wanasema hakika huyu ni mwuaji, ameokoka baharini lakini haki haimwachi aishi. Paulo anamkung'utia motoni na hapati madhara. Wanangoja avimbe au aanguke. Asipoanguka, wanageuza: huyu ni mungu. Siku ile moja Paulo ameitwa mhalifu na ameitwa mungu kwa sababu ya tukio lile lile, na hakuwa lolote kati ya hayo. Alikuwa mtumishi wa Kristo aliyeumwa na nyoka akiweka kuni motoni. Ndivyo ilivyo kwa kubahatisha matukio. Watu walewale wenye wema usio wa kawaida mikononi mwao walipotea mara tu walipoanza kusoma hukumu katika tukio.

Nilimtazama yule mzee wa kofia ya kudariziwa upande wa pili wa moto. Alikuwa Mwislamu, ametoka kuswali isha kando ya tairi la mbele, na sasa alikuwa amempakata mtoto wa mama wa Mafinga, amelala. Saa chache kabla, furushi lake lilikuwa ushahidi dhidi yake.

Bwana Yesu mwenyewe aliikataa hesabu hii waziwazi. Katika Luka 13 walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akawauliza kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wote wa Yerusalemu. Jibu lake lilikuwa hapana, na papo hapo akaligeuza swali kwa waliomletea habari: tubuni ninyi. Katika Yohana 9 wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Bwana akafanya tope akampaka macho. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema kuliko zote walizofanya. Walipofungua vinywa kumweleza sababu za msiba wake, walimkosea yeye na kumkosea Mungu, na mwisho wa kitabu Mungu anawaambia hivyo.

Simaanishi kwamba Mungu hayumo katika bomba lililopasuka. Naamini yumo. Naamini unywele haudondoki bila yeye. Lakini kujua kwamba yumo ni jambo moja, na kudai kwamba nimeisoma nia yake kwenye kila springi ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni imani, na humpa mtu utulivu wa kuinuka akatafute kuni. La pili mara nyingi humkalisha, na likiachwa likue, humtafutia mtu wa kulaumiwa.

Luther alilifundisha hili kwa njia ambayo kila mtoto wa kipaimara ameipitia. Katika Katekisimu Ndogo, kwenye ombi la nne la Sala ya Bwana, anauliza mkate wa kila siku ni nini, kisha anaorodhesha: chakula, mavazi, nyumba, shamba, mifugo, serikali njema, afya, na karibu na mwisho wa orodha anataja marafiki wema na majirani waaminifu. Jirani amewekwa kwenye orodha moja na chakula. Ndivyo Luther alivyofundisha, kwamba Mungu hutulisha kwa mikono ya mkulima na mwokaji, na hutulinda kwa mikono ya watu walio kwenye kazi zao. Nikiitazama jioni ile kwa mafundisho hayo, ulinzi wa Mungu ulikuwa tayari kazini kabla hatujaanza kuutafuta angani. Fundi fulani wa zamani, katika karakana ya mbali, aliwaza juu ya watu asiowajua na kutengeneza springi ili gari likikosa hewa lisimame badala ya kuporomoka. Dereva alisikia mlio na hakuupuuza. Utingo alikata matawi kwa ajili ya malori yajayo. Mzee aliokota kijiti cha kwanza. Upendo kwa jirani huanza mapema kuliko tunavyodhani, na mara nyingi hufanywa na watu wasiojua kwamba wanajibu sala ya mtu.

Fundi alifika alfajiri kwa pikipiki akiwa na bomba jipya kwenye mkoba. Alilifunga, injini ikanguruma kwa muda hadi mitungi ikajaa, springi zikaachia, na basi likasogea. Tuliwaaga wanawake wa vitunguu kwa kushikana mikono. Kitonga tuliipanda jua likichomoza. Mama wa Mafinga alikaa dirishani akichunguza kila kona, nami nikachunguza pamoja naye. Hapakuwa na lori lililopinduka, wala vioo barabarani, wala alama yoyote ya ajali. Barabara ilikuwa shwari, na jana huenda ilikuwa shwari vilevile. Alijisogeza nyuma kitini, akasema, "Hata hivyo tumshukuru Mungu." Nikamwambia amina, na nilimaanisha. Shukrani haihitaji ushahidi wa ajali iliyoepushwa. Tulikuwa tumelishwa, tulikuwa tumelindwa, na mbele kidogo mzee wetu alishuka Ilula akisindikizwa na nusu ya basi, sufuria lake limesuguliwa na wanawake wawili hadi likang'aa.

Njombe nilifika ibada imekwisha. Sikumwona binti yangu akipiga magoti, sikumsikia akikiri imani. Nililia kidogo getini, kwa sababu siku ile hairudi, na imani haitudai tuseme kwamba kilichopotea hakikuwa na thamani. Kisha nikaingia. Alikuwa kwenye gauni lake jeupe, amezungukwa na shangazi. Nilimkabidhi Biblia isiyo na karatasi, yenye harufu ya moshi, na kumsimulia imetokea wapi. Nikamwomba anisomee maelezo ya ombi la nne kwa kichwa. Aliyatoa yote bila kukwama, hadi kwa majirani waaminifu.

Nikamwambia neno ambalo nawaambia na ninyi mnaosafiri, ninyi mnaokwama, ninyi ambao gari, au kazi, au afya imejifunga katikati ya njia. Mwulizeni Mungu kwa nini, Zaburi zimejaa swali hilo na yeye halikatai. Mkikosa jibu, msilitunge, na msimtafute mtu wa kumtwika. Tazameni pembeni kuna mtoto gani mwenye njaa, kuna mzee gani anayeachwa peke yake, kuna tawi gani linalopaswa kulazwa barabarani ili mwingine asiumie. Hiyo ndiyo sehemu ya mapenzi ya Mungu iliyo wazi kwetu sote, haihitaji nabii wala ndoto, na mtume mkubwa kuliko wote hakuiona kuwa ndogo. Ifanyeni hiyo. Yaliyobaki yako mikononi mwake, na mikono hiyo ni salama.